Mwenye Bucha na Kilo Zake za Uongo

Wapenzi wasomaji, nipeni masikio kidogo niwasimulie habari za nyumba moja iliyoingiliwa na uongo wa tarakimu mbili tu.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani. Kila Jumamosi alasiri mwenye nyumba, ambaye kazi yake ni bucha, alifunga duka mapema, akaoga, akapanda baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ya chuma katika chumba cha nyuma. Gurudumu lilizunguka, yeye hakwenda popote. Mbele yake, kwenye skrini, kijitu chenye fulana nyekundu kilikimbizana na vijitu vingine barabarani, na kila kimoja kilikuwa mtu wa kweli anayetoka jasho nyumbani kwake. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano ya klabu yao. Mkewe alipita na beseni la nguo, akachungulia mlangoni.

"Umefika wapi leo, mume wangu?"

"Kilomita ya kumi na nane."

"Mbona nakuona hapo hapo ulipokuwa juzi?"

Walicheka wote wawili, na mama huyo akaendelea na nguo zake.

Mtaani bwana huyu alisifika kwa mizani yake. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza alichukua jiwe la chuma la kilo tano, aliloachiwa na baba yake, akaliweka kwenye mizani ndogo, kisha kwenye ile kubwa ya kupimia nyama inapoletwa, ahakikishe mshale umesimama kwenye tano barabara. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akipimiwa nyama huku amegeuka anatazama barabarani. "Nitazame nini," alisema, "na anayepima ni wewe?" Maneno hayo myaweke akilini, tutayahitaji.

Sasa niwaeleze mambo ya klabu. Waendeshaji waligawanywa makundi manne. Kompyuta ilichukua nguvu za miguu ya mtu, ikazigawa kwa kilo za mwili wake, ikampeleka panapomfaa: wenye miguu ya moto kundi la kwanza, wanaojikongoja kundi la nne. Nguvu zilipimwa na baiskeli yenyewe. Kilo kila mtu aliziandika kwa mkono wake, akaaminiwa. Mwenye bucha alikuwa na kilo sabini na mbili, na kwa kilo hizo aliwekwa kundi la pili, ambako kwa miezi minane alimaliza wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mkewe. Siku moja akaliacha jina lake la zamani, akajisajili upya kwa jina la Radi, na penye kilo akaandika tisini na tano.

Fikirini, jamani. Kilo ishirini na tatu. Alijibebesha mbuzi mzima ambaye hayupo. Kompyuta ikamwonea huruma mtu mzito kama huyo, ikamteremsha hadi kundi la nne. Kwenye vilima kilo za uongo zingemvuta nyuma sawasawa na za kweli, kwa hiyo alichagua mashindano ya njia tambarare tu, ambako uzito haumsumbui mtu sana. Akashinda. Wiki iliyofuata akashinda tena. Jumamosi tisa mfululizo kijitu cha Radi kilinyanyua kikombe. Mkewe akawatangazia majirani kwamba mume wake ni bingwa, naye hakuona haja ya kufafanua bingwa wa kundi gani.

Ijumaa moja dada yake alikuja dukani kuchukua nyama yake isiyo na mafuta. Dada huyo alikuwa na ugonjwa wa sukari, na miguu yake ilishaanza kufa ganzi. Daktari alimwambia wazi kwamba miguu hiyo ifanye kazi kila siku, la sivyo itafika mahali asipopataka. Mwenye bucha ndiye aliyemnunulia baiskeli, na kinyozi wa jirani, katibu wa klabu, akaenda kumfungia na kumwandikisha kwa jina la Uzi. Kundi gani, mdogo mtu hakuuliza.

"Nipe nusu tu leo," alisema dada. "Hamu ya kula imekwisha."

"Kwa nini, dada?"

"Baiskeli nimeifunika kitambaa. Mwezi sasa."

"Si ulikuwa unaipenda?"

"Niliipenda kweli. Kundi letu la nne tulikuwa wanane, wote wabovu sawasawa. Leo huyu mbele, kesho yule, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nilipopata nafasi ya tano si nilikupigia simu? Halafu akaja mmoja anajiita Radi. Dakika ya pili keshapotea. Wenzangu wakamfukuza, wakakata pumzi, kundi likatawanyika. Nikawa naendesha peke yangu njia nzima. Ukiendesha peke yako, mdogo wangu, unasikia maumivu tu."

Mwenye bucha aliendelea kukata nyama iliyokwisha kukatika.

"Labda ni mtu ana nguvu tu," alisema.

"Mwenye nguvu ana wenzake huko juu. Kwetu anafuata nini?"

Aliipima ile nusu. Alimwongezea robo ya bure, na dada akashukuru bila kugeuka kutoka barabarani.

Mngedhani angeacha siku ile ile. Hakuacha. Zilibaki wiki tatu tu kabla ya mashindano ya kufunga mwaka, ambayo mshindi wa kila kundi angetolewa picha yake halisi kwenye ukurasa wa klabu. Akajiambia: nikishinda hayo, basi. Maneno hayo tunayajua. Kila mtu aliyenaswa na kitu anayo mdomoni.

Lakini malalamiko juu ya Radi yalikuwa yamemfikia kinyozi, naye akatangaza kwamba kabla ya mashindano kila mtu atapimwa uzito. Mahali pa kupimia? Kwenye bucha, kwa sababu mizani ya pale haijawahi kulalamikiwa hata siku moja. Kinyozi alikuja kuomba kwa adabu zote, na mwenye bucha angekataaje?

Asubuhi ya siku hiyo aliwahi dukani peke yake. Alifungua mgongo wa mizani kubwa, akalegeza springi kidogo, akarudisha mshale kwenye sifuri. Akaweka jiwe la baba yake. Mshale ukapita tano, ukakaribia sita. Hesabu yake ilikuwa hivi: kwa springi ile mizani itamsomea kilo themanini na mbili, atamwambia kinyozi kando kwamba Radi ni yeye na amejitahidi kupungua, atapelekwa kundi la tatu, mambo yataisha bila aibu. Akaliondoa jiwe. Tangu arithi duka lile hakuwahi kuigusa springi ile ila kuiweka sawa.

Saa tatu watu walikuwa wamepanga mstari kati ya kaunta na ndoano za nyama, wakitaniana. Wa kwanza kuitwa alikuwa dada yake, ambaye kinyozi alimsihi arudi walau kwa mashindano hayo. Alivua viatu, akapanda taratibu akishika ukingo wa kaunta.

"Tisini," alisoma kinyozi.

Dada aliinama, akautazama mshale mwenyewe. "Miezi miwili iliyopita kliniki walisema themanini na sita."

"Ndivyo inavyosoma, mama. Na mizani ya hapa unaijua."

"Naijua." Aliachia ukingo wa kaunta. "Kumbe lile jasho lote lilikuwa la bure. Sukari nimeacha, wanga nimepunguza, baiskeli nimeendesha, na mwili unaongezeka. Basi nimechoka. Niandike nimejitoa. Hata kwa daktari sirudi kusikia maneno yale yale."

Alishuka, akaanza kutafuta viatu kwa vidole vya miguu, kwa sababu ganzi haimwonyeshi kiatu kilipo. Mwenye bucha aliviona vile vidole vikipapasa sakafu. 

"Subiri, dada," alisema. "Usivae."

Alichukua jiwe la kilo tano kutoka rafuni, akaliweka juu ya mizani mbele ya watu wote. Mshale ukaenda karibu na sita, ukatulia. Hakuna aliyecheka.

"Springi nimeilegeza mimi, leo asubuhi. Radi ni mimi."

Akafungua mgongo wa mizani, akakaza springi huku watu wanamtazama, akapima jiwe, akakaza tena, mpaka mshale uliposimama kwenye tano. Akamshika dada mkono, akampandisha.

"Sabini na tisa," alisoma kinyozi kwa sauti ndogo.

Kisha mwenye bucha alivua aproni, akapanda mwenyewe. Sabini na mbili. Kinyozi akaandika.

"Ile siku ya nafasi ya tano," dada alisema, "ulinipongeza kwenye simu."

"Nilikupongeza."

"Na wiki iliyofuata ukaja kutuharibia?"

"Sikujua kama ni nyinyi. Baadaye nilijua, na sikuacha."

Dada alivaa viatu, akaondoka bila kuchukua nyama.

Rekodi za Radi zilifutwa, na mwenye bucha akarudi kundi la pili. Mashindano ya kufunga mwaka alimaliza wa pili kutoka mwisho baada ya kukabana koo kilomita nzima na fundi bomba mmoja, na alipotoka chumba cha nyuma akiwa hoi mkewe alishangaa kumkuta anacheka. Kundi la nne nalo likarudi mmoja mmoja mpaka wakafika wanane. Dada naye akarudi kwa daktari, akaambiwa sukari imeshuka, miguu imeanza kuhisi.

Mwezi ulipopita dada alikuja dukani. Walizungumza vizuri, akamtania kuhusu yule fundi bomba, akasimulia alivyoshika nafasi ya nne kwa urefu wa gurudumu. Mwenye bucha akaweka nyama kwenye mizani ndogo. Dada alikuwa bado anacheka, lakini safari hii hakutazama barabarani. Aliutazama mshale mpaka uliposimama.

MAFUNZO

Ndugu zangu, makundi hayakuwekwa ili kumdhalilisha mtu. Yamewekwa ili kila mmoja apate wenzake wa kukimbizana nao, kwani raha ya mchezo iko hapo, kushinda au kushindwa na aliye sawa nawe. Anayeshuka chini kwa hila ili ashinde wanyonge hapati ushindi wowote, ila huwanyang'anya wengine sababu ya kuamka na kujaribu, na huenda kati yao yumo aliyemlea. Tuandike kilo zetu za kweli, katika mchezo na katika mengine. Na tukishakosea tuseme mapema, maana springi ya mizani hukazwa kwa dakika tano, lakini dada mtu hadi leo bado anatazama mshale.