Delfina Ndani ya Vazi la Dubu

Kila mwaka, kabla maji ya theluji hayajateremka kutoka Milima ya Capitan, watu wa kijiji cha Ojitos walizibua mfereji wao kwa majembe, kisha wakachoma magugu yaliyobaki kingoni. Mtu mzima aliwasha moto. Mtoto alimfuata nyuma na gunia bichi, akipiga kila cheche mpaka jivu lipoe. Jumamosi ile, mwenye kiberiti alikuwa Mzee Eloy, ambaye nyonga yake mbovu ilimtesa, na mwenye gunia alikuwa mjukuu wake Delfina, msichana wa miaka kumi na miwili.

Lakini mawazo ya Delfina yalikuwa mjini. Shule ilikuwa imemchagua avae vazi la dubu katika sherehe ya siku ile, yule dubu mwenye kofia na sepetu ambaye mabango yake huwaonya watu kuhusu moto wa msituni.

"Lile gogo lililoshika moto pale ukingoni limepoa?" babu yake aliuliza.

"Limepoa, Babu."

"Umeligusa kwa mkono?"

"Babu, nitachelewa! Dubu hachelewi."

"Ndiyo, kwa sababu hana babu wa kumsumbua," mzee akacheka. "Haya nenda, mama."

Delfina hakuwa ameligusa.

Mbele ya posta, binamu yake Tránsito alimfunga zipu mgongoni. "Umenenepa, Dubu! Punguza asali." Zipu ikauma manyoya, ikakwama. Kichwa cha vazi kilikuwa kizito, na Delfina aliona kupitia tundu la mdomo tu. Hata hivyo aliwapungia watu, akagawa beji, na watoto wakamshangilia.

Ilipokaribia adhuhuri, upepo ulianza kuvuma kwa nguvu. Delfina akageuka, na kupitia lile tundu akaona moshi mweusi ukipanda upande wa Ojitos.

"Babu yangu yuko kule!" alipiga kelele. Sauti ikamezwa na pamba.

Alinyoosha mkono kuelekea moshi. Watu wakapiga makofi. Alijaribu kuifikia zipu, lakini viganja vya kitambaa havikushika kitu. Alipokimbia, alijikwaa na kuanguka, nao wakazidi kucheka.

"Amka bwana, au umelewa?" Tránsito alimtania, akiinama kumwinua. Ndipo aliposikia kilio. Aliking'oa kile kichwa mara moja.

"Gogo," Delfina alisema, akionyesha moshi. "Babu yuko peke yake."

Bwana Misitu Tuttle, aliyekuwa amewaandalia sherehe hiyo, aliwapakia garini mwake. Walipofika, moto ulikuwa umevuka ukingo na kuingia katika miaprikoti midogo ya Mzee Eloy, ile itoayo matunda ya manjano kila Juni.

"Kaeni humu," Bwana Tuttle aliamuru. "Mkishuka, nitakuwa na watu watatu wa kutafuta."

Delfina alikaa, miguu bado ndani ya manyoya, akitazama mti mmoja ukishika moto, kisha mwingine. Hakukuwa na chochote ambacho angeweza kufanya. Alimwita babu yake. Upepo ulivuma upande mwingine.

Upande wa juu wa mfereji, Bwana Ursino, msimamizi wa maji, alikuwa amefungua lango kuu. Alikimbia kutoka shamba hadi shamba akipaza sauti, "Zibeni njia zenu! Maji yote kwa Eloy!" Hayo yalikuwa maji ya kwanza ya mwaka, na mashamba yote yalikuwa yakiyasubiri, lakini hakuna aliyebisha. Maji yalitambaa polepole mno, kwa kuwa mfereji mkavu uliyanywa. Hatimaye yalifika, majirani wakayachota kwa ndoo na kuupiga moto kwa magunia hadi ukafa.

Ndipo Delfina aliporuhusiwa kushuka, wakamkuta Mzee Eloy ameketi ndani ya mfereji, maji yamemfika kiunoni, amemkumbatia mbuzi wake. Nyusi zake zilikuwa zimeungua. Bustani yake ilikuwa majivu.

"Babu, sikuligusa," Delfina alisema.

"Najua. Nami sikwenda kuhakikisha."

Bwana Tuttle alichutama ukingoni, uso umejaa masizi. "Delfina, unajua yule dubu alitoka wapi? Mwanzo alikuwa mchoro tu. Kisha, mwaka wa 1950, milima hii hii iliungua, na wazima moto wakamkuta mtoto wa dubu juu ya mti ulioungua, nyayo zimebabuka. Hakuzima moto wowote. Hakuweza hata kujishusha. Ndiyo maana alichukuliwa awe nembo, akapelekwa kuishi Washington. Watu walipomtazama, walimwona kiumbe anayelipia uzembe wa wengine."

Alijifuta masizi usoni, kisha akaendelea kwa upole. "Moto una dakika moja ambayo unakutii. Leo dakika hiyo ilipita asubuhi. Baada ya hapo, wewe, mimi na babu yako tulikuwa watazamaji tu. Kazi isiyomalizwa ni sawa na kazi isiyofanywa, mwanangu, na mara nyingine ni mbaya zaidi."

Delfina alivua manyoya yaliyobaki, akaingia mferejini, akampa babu yake bega la kuegemea.