Mtaro Uliongoja Matanga

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika chai, Amondi alifagia maji nyumbani mwake. Mtaro wa mtaa wao, nyuma ya mtaa wa Komarock jijini, ulikuwa umezibwa na taka tangu Machi. Mvua ikinyesha, maji machafu yaliingia mpaka chini ya kitanda cha mumewe, mzee Seth, mgonjwa wa kifua.

"Mwambieni mheshimiwa tena," Seth alisema akikohoa.

Walikuwa wamemwambia. Mheshimiwa huyo, mwakilishi wadi wao, hakosi matanga. Basi akina mama waliweka shida zao mpaka mtu afe, ndipo wajifunge leso na kumwimbia mheshimiwa. Kwenye matanga ya jirani yao Odero waliuimba mtaro. Mheshimiwa alicheza, akaahidi. Kwenye matanga mengine akaahidi tena, akawaachia na sukari.

Mwezi wa Mei kifua kilizidi. Mwana wao, Frankline, akampeleka baba yake kijijini kwao Siaya.

"Nitarudi nyumba ikikauka," Seth alisema.

Ndipo jirani yao Lydiah, aliyestaafu kazi ya ofisi katika baraza la jiji la zamani, akauliza, "Mama Frankline, mlimwandikia msimamizi wa wadi?"

"Huyo ni nani? Mimi sikumpigia kura."

"Na nesi wa zahanati ulimpigia? Mbona unampa mkono akudunge sindano?"

Amondi akacheka bila kupenda.

"Sikia, dada. Mheshimiwa tulimchagua atunge sheria za kaunti, awaulize maofisa kazi imefika wapi. Hana koleo wala lori. Msimamizi ameajiriwa na kaunti. Mitaro ni kazi yake, mwimbe msiimbe. Mpelekee barua, ipigwe muhuri, ubaki na nakala. Akilala, mpe mheshimiwa hiyo nakala amwamshe."

Waliandika mistari sita, Amondi akaipeleka ofisini. Siku ya tisa wafanyakazi wa kaunti wakaja na makoleo, wakatoa magunia, viatu, hata godoro. Mvua iliyofuata, maji yalikwenda zake.

Sasa akina mama hawangoji matanga. Amondi ndiye huwaonyesha njia ya ofisini.

Jioni ya mvua ile alimpigia Seth simu. "Rudi, baba. Nyumba ni kavu."

"Kifua kimenimaliza, Amondi. Safari ya siku nzima siiwezi tena." Mzee akakohoa. "Hiyo ofisi iko wapi?"

"Nyuma ya soko."

"Soko letu la hapo mtaani?"

"Hilo hilo. Dakika kumi kwa miguu."

"Dakika kumi," Seth alisema. "Na sisi tukangoja matanga."