Ukuta Uliochanwa Pande

Ukuta ulimwangukia Bi Moza Jumapili alfajiri, kabla ya adhana. Saa tatu asubuhi, Sajenti Martina Nandonde wa polisi Kilwa Masoko alipowasili Pande, kijiji kizima kilikuwa kimeshakubaliana kwamba muuaji ni mvua.

Hakuwa na sababu ya kuwabishia. Mvua ilianza Jumamosi baada ya swala ya isha na haikukatika mpaka karibu na mapambazuko. Maji yalikuwa bado yametuama uani. Maiti ilikuwa imeshatolewa kifusini na kulazwa chumba cha pili, na tabibu wa zahanati alikuwa ameandika kwamba kifua kilipondeka. Martina alifunua kanga, akatazama, akafunika. Kinywa cha bibi yule wa miaka sabini na mbili kilikuwa kimejaa matope na chengachenga za saruji. Akatoka kwenda kuutazama ukuta.

Marehemu baba yake alikuwa mwashi kule Mtama, na Martina alikua akimsogezea matofali. Alijua ukuta uliolowa unavyokufa: huliwa chini, hubomoka vipandevipande, na mara nyingi hulala nje. Huu ulikuwa umelala ndani, juu ya kitanda, karibu mzima isipokuwa pale palipovunjwa kumtoa marehemu, kama mlango uliong'olewa kwenye bawaba. Ulikuwa ukuta wa pembeni, usiobeba paa, ndiyo maana mabati yalibaki juu kama kawaida.

Alichuchumaa. Bi Moza aliipaka nyumba yake chokaa nyeupe ndani, na nje akaizungushia mkanda wa rangi ya buluu kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Pale mkanda ulipokatika, kimo cha goti, ukingo wa matofali ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Mkato ulikuwa umezama zaidi ya nusu ya unene wa tofali. Pembeni nako, kushoto na kulia, mikato miwili ilipanda kutoka chini mpaka chini ya paa. Kilichobaki kuushika ukuta ule kilikuwa ganda tu. Mtu mmoja mwenye mtaimbo angeweza kuusukuma.

Aliuliza ni nani kijijini mwenye kifaa cha kukata ukuta. Watu wote wakamgeukia Bakary.

Bakary alikuwa fundi umeme, kijana mrefu wa Mtama, aliyekuwa akiitandazia nyaya nyumba ya Bi Moza tangu Jumatano. Mashine yake ya kuchana ukuta ililetwa kutoka stoo ya nyumba hiyohiyo. Ilikuwa na visahani viwili vya chuma vilivyosimama sambamba, katikati yao upana wa vidole viwili. Ukiipitisha ukutani inaacha mikato miwili, na kigongo cha katikati unakiondoa kwa tindo na nyundo. Hapo unapata mfereji wa kulaza bomba la waya.

Kabla Martina hajauliza lolote, mtu mmoja alipenya umati na kumkamata Bakary ukosi. Alikuwa Rehani, mtoto wa kaka yake Bi Moza, mwanamume wa miaka arobaini aliyeishi kwenye kibanda uani kwa shangazi yake. Alikuwa akilia. Alimwambia Bakary kwamba uzembe wake umemuua mama mzazi, maana shangazi ni mama. Kisha kikohozi kikambana, akageukia pembeni, akapenga kamasi kwenye leso na kuikunja. Martina aliona tone zito la kamasi chafu lenye weusiweusi wa buluu likivutika kabla halijamezwa na kitambaa. Alikwepesha macho. Aliona aibu kumchukia mfiwa kwa sababu ya mafua.

Alimtoa Bakary mikononi mwa watu, akamweka kwenye gari la polisi na kumhoji humohumo.

"Mfereji wa umeme, afande, unashuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi," Bakary alisema. "Kina chake ni kama kidole kimoja. Tena ni ndani ya nyumba. Waya gani unatembea nje, kwenye goti la ukuta?"

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Masoko. Niliondoka Ijumaa jioni kufuata nyaya, nikarudi leo na gari la kwanza. Waulize niliopanda nao."

"Mashine uliiacha kwa nani?"

"Stoo. Ufunguo unatundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Kila mtu wa nyumba ile anaujua."

Abiria aliowataja walithibitisha. Lakini nyumba ya Bi Moza ilikuwa haijaunganishwa umeme, na mashine ile haiendi kwa kusukumwa. Waya uliokuwa ukiilisha ulitoka dirishani kwa jirani, Mzee Abdulwahab, ukapita juu ya ua. Watu hawakuchelewa kumnong'oneza Martina kwamba jirani huyo na marehemu walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili, kwa sababu ya mpaka.

Martina alimwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba bila kuinua uso. Alisema umeme aliutoa kwa sababu mkewe alimsihi, na waya ule uliachwa ukining'inia tangu Jumatano. Jumamosi, kati ya adhuhuri na alasiri, aliisikia mashine ikilia. Alidhani ni fundi. Hakuchungulia, kwa sababu alishaapa kutotazama uani kwa mwanamke yule. Alikuwa barazani kwake akicheza bao na wazee watatu, na wote watatu, kila mmoja akiulizwa peke yake, walisema waliisikia mashine naye Abdulwahab akiwa ameketi mbele yao.

"Ningechungulia," mzee alisema, "leo angekuwa hai."

Wa mwisho kuhojiwa siku hiyo alikuwa Warda, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye Bi Moza alimlea tangu akiwa na miezi minne, mama yake alipofariki. Alisema Jumamosi walishinda harusini kijiji cha pili, yeye na bibi, wakarudi magharibi. Walikuta makuti yameegemezwa kwenye ukuta ule kwa nje, mengi, yameufunika wote. Bibi alidhani Rehani ameyaleta kuezekea kibanda chake. Alfajiri Warda alisikia kishindo. Akakimbia, akajaribu kuinua ukuta, akashindwa, akapiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Abdulwahab, aliyeruka ua kwa miguu yake mibovu.

"Na Rehani?"

"Alikuja baadaye."

"Kibanda chake kiko hatua ngapi kutoka kwenye ukuta?"

Warda alifikiri. "Kumi. Hazizidi kumi na mbili."

Kulikuwa na jambo jingine. Jumatatu baada ya alasiri, Bi Moza alikuwa aende na Warda mbele ya sheikh na mwenyekiti wa kijiji, aandikishe kwamba nyumba anampa yeye. Warda hakuwa damu yake, hivyo bila hiba asingerithi hata kizingiti. Bi Moza hakuzaa, mume alitangulia, kaka alitangulia. Aliyebaki karibu alikuwa mtoto wa kaka.

Bi Moza alizikwa Jumapili baada ya alasiri. Rehani aliingia kaburini kumpokea.

Jumatatu saa nne asubuhi, kituoni Masoko, Martina aliiweka mashine juu ya gazeti na kufungua kinga ya visahani. Vumbi liliteremka kavu. La chini lilikuwa jeupe, chokaa ya ndani ambako Bakary alichana siku tatu. Juu ya lile jeupe, limegandamana kwenye kona za kinga, kulikuwa na vumbi la buluu.

Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaikumbuka leso ya Rehani.

Saa tisa alasiri alikuwa Pande. Hitima ilikuwa imeisha na watu walikuwa wakila pilau. Rehani mwenyewe ndiye aliyekuwa akipita na sinia, akiwasihi wazee waongeze nyama, akikohoa begani. Martina alikaribishwa akakataa. Alimwomba sheikh, mwenyekiti, Warda, Mzee Abdulwahab na Bakary wasogee mkekani, akamwita na Rehani.

"Jumamosi ulikuwa wapi, Rehani?"

"Shambani kwenye mikorosho, afande. Nilitoka asubuhi, nikarudi usiku, nimelowa chapachapa."

"Uliugusa ukuta ule kabla haujaanguka?"

"Niuguse kwa kazi gani?"

"Na mashine ya Bakary?"

"Mimi mkulima. Hata kuiwasha siijui."

"Baada ya ukuta kuanguka, ulibeba kifusi?"

"Nilibeba. Wamenishuhudia."

"Nipe leso yako."

Aliipapasa mifuko kama anayeitafuta, akasema ameiacha ndani. Bakary alinyoosha kidole: pembe yake ilikuwa ikichungulia chini ya mkono wa kanzu. Rehani aliitoa. Martina aliipokea kwa ncha za vidole viwili na kuikunjua juu ya mkeka. Ilikuwa imekauka na kukakamaa. Kila palipokauka kamasi palikuwa na utando wa buluu, rangi ileile ya nyumba. Mwenyekiti aliweka sahani yake ya pilau chini.

Martina alieleza polepole, ili mzee na kijana wafuate. Mikorosho ya Pande haina udongo wa buluu. Ndani ya nyumba ni kweupe. Buluu iko nje tu, pale ukuta ulipochanwa. Mashine ile ikichana hutoa vumbi kama moshi, na asiyejifunga kitambaa hulivuta mpaka kifuani. Mvua ilianza Jumamosi baada ya isha, na kifusi kilichobebwa Jumapili kilikuwa tope. Tope halipandi puani. Vumbi kavu la buluu lilikuwapo Pande kwa muda mmoja tu, Jumamosi kati ya adhuhuri na alasiri, na aliyelivuta ndiye aliyeishika mashine. Makuti yalifunika mikato mpaka alfajiri, mtaimbo ukamalizia, na mvua ikabebeshwa lawama. Na kama mvua isingetosha, alikuwapo fundi.

Rehani alitazama leso, akamtazama sheikh, akaona hapana pa kutokea.

"Sikumpiga mimi," alisema. "Ukuta ndio uliompiga."

"Kwa ajili ya nyumba," Martina alisema.

"Nyumba ya ukoo wetu ikabidhiwe mtoto wa kuokota? Nilimwambia mara tatu. Alinicheka. Aliniambia nikajenge yangu."

Warda alizungumza taratibu, kama anayeeleza njia kwa mgeni.

"Alikuita, Rehani. Nilimsikia. Ukuta uko juu yake na alikuita wewe, hakuniita mimi. Mara tatu."

"Nilisikia."

"Ulikuwa unafanya nini?" Martina aliuliza.

Rehani alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Nilisubiri anyamaze."

Mama mmoja kati ya waliokuwa wakila alinyanyuka, akakimbilia nyuma ya jiko, na watu wakamsikia akitapika pilau aliyopakuliwa na mkono ule. Mzee Abdulwahab alijifunika uso kwa kofia yake. Sheikh alisema neno moja tu, kwamba muuaji hamrithi aliyemuua, kisha akainuka kwenda kutawadha upya.

Mrithi aliyebaki alikuwa binamu wa marehemu, mvuvi wa Songo Mnara. Alikuja siku ya saba, akaketi mbele ya sheikh yuleyule na mwenyekiti yuleyule, akasema yeye ana nyumba, na hiba ya Bi Moza akaikamilisha kwa mkono wake. Bakary aliujenga ukuta upya. Mzee Abdulwahab alibeba matofali, na mpaka haukutajwa tena.

Lakini Jumatatu ile Rehani alipandishwa nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi, Martina upande mmoja na konstebo upande wa pili. Walikwenda nusu saa. Walipofika mahali ambapo wanawake wanauza korosho za kukaanga kando ya barabara, alimgusa Martina kwa kiwiko.

"Afande, mwambie dereva asimame. Sijala tangu asubuhi, nilikuwa nahudumia watu."

Alisema kwa sauti ya mtu mwema aliyechoka. Martina alimtazama usoni, akitafuta chochote, hata woga, asikione. Aligonga bodi ya gari, dereva akasimama, Martina akashuka, akazunguka, akaketi mbele. Akafungua dirisha lote. Dereva alimwonya kwamba barabara ina vumbi jingi mpaka Masoko.

"Liache liingie," alisema.