Kadi ya Pili ya Kitanda cha Tisa

Haya yalimfika jirani yangu, mwanamke fundi cherehani, tena mchana kweupe. Mdogo wake wa kiume alikuwa amelazwa hospitali, paja limevunjika. Sheria ya wodi ilikuwa moja: kila mgonjwa aandikishe ndugu wawili, kila ndugu kadi yake, na kila kadi iingie mara moja tu kwa siku. Ndugu wengine hawakuwa nao. Fundi naye si mtu wa kushindwa na karatasi. Akaandikisha jina lake na la marehemu mama yao. Adhuhuri aliingia kwa kadi yake, saa kumi akaingia kwa ya mama.

"Mama miguu inamsumbua," alimwambia bawabu. "Mimi namwakilisha."

Mama mwenyewe alikufa miaka miwili nyuma, kwa kuanguka ngazini. Hivyo ndivyo watu walivyoambiwa. Fundi alimwona mdogo wake akimsukuma, akafunga mdomo. Angefanyaje? Ndiye pekee aliyebaki naye duniani, na alimpenda kuliko roho yake.

Alhamisi ile saa kumi alifika na chupa ya supu. Bawabu akacheka.

"Leo pumzika, fundi. Mama kaja mwenyewe. Yuko ndani."

"Mama gani?"

"Wako, jamani! Miguu imepona. Kapanda ngazi kama msichana."

Chupa ikamponyoka. Akampita bawabu mbio. Wodini wagonjwa walikuwa wamejifunika gubigubi, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Pazia la kitanda cha tisa lilikuwa limefungwa. Nyuma yake kitu kilikuwa kinapigwa. Tena. Tena. Akalivuta.

Mgongo ule aliujua. Mama alikuwa amempanda mdogo wake kifuani, anamgongesha kichwa kwenye chuma cha kitanda. Damu ukutani. Meno shukani. Mguu uliovunjika ulikuwa umegeuzwa, kisigino kimekuja mbele.

"Mama, mwache! Nakuomba, mwache!"

Akamshika kiuno, akavuta. Wapi! Akamng'ata bega. Mdomo ukamjaa udongo.

"Ulikuwepo," mama alinong'ona bila kugeuka. "Uliona."

Kichwa kikagonga mara ya mwisho. Kikapasuka.

Manesi walimkuta Fundi peke yake, amekumbatia maiti, sauti imemkauka. Wakamshusha hadi mlangoni, wakamuuliza bawabu nani mwingine aliingia.

"Mbona wameshatoka?" bawabu akashangaa. "Mama na kijana wake. Kijana anatembea mwenyewe, mama kamshika ukosi."

Akawafungulia daftari la wageni. Wino ulikuwa haujakauka: Kitanda cha tisa. Saa kumi na dakika ishirini. Wametoka wawili.

Juu, maiti ilikuwa bado ina joto.

Bawabu akamsogelea Fundi sikioni. "Mama kasema usichelewe, dada. Anakusubiri hapo nje."