Mzigo wa Wakubwa

Fundi makochi alitengeneza viti vya watu kukalia, lakini yeye mwenyewe alikuwa hakai. Alikata sponji amesimama. Alipiga misumari amesimama. Hata chai aliinywa akitembea kati ya mlango na dirisha, kikombe mkononi, macho barabarani. Binti yake alishona vitambaa kwa cherehani kwenye kona ya karakana. Alimwambia mara nyingi kwamba anamtia kizunguzungu. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa na lake. Kila asubuhi alimwuliza babu kama siafu wameingia tena kwenye suruali.

Mjukuu huyo walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake alisema huongea hata usingizini.

Alichokuwa anakingoja fundi barabarani ni gari la taka. Gari lilipaswa kuja kila Jumanne. Lilikuja mara moja kwa mwezi, na miezi mingine halikuja kabisa. Watu wa ofisi ya mji hawakukosa maelezo. Leo tairi, kesho mafuta, keshokutwa dereva anaumwa. Fundi alisema dereva huyo anaumwa mwaka wa tano sasa, na bado hajafa wala hajapona.

Alikuwa na sababu ya kuwachukia. Miaka minne nyuma, mvua kubwa zilikuta taka zimerundikana mpaka milangoni. Maji machafu yakaingia majumbani, na ugonjwa wa kuhara ukapita nyumba kwa nyumba. Mke wake aliugua asubuhi. Kesho yake walimzika. Wakubwa wa ofisi walikuja mazishini wamevaa miwani ya jua, wakaahidi mambo mengi, wakapanda gari lao wakaenda. Tangu siku hiyo fundi hakukaa tena, na hakusahau.

Ndipo alipobuni kisasi chake.

Mbele ya karakana ulipita mtaro. Mtaro ulishuka, ukapinda kwa muuza mkaa, ukaendelea kushuka. Na huko chini kabisa, ng'ambo ya barabara kuu, ndiko ilikokuwa ofisi ya mji. Basi fundi akaanza kuweka taka zake zote kwenye gunia. Vipande vya sponji, vitambaa chakavu, mifuko ya plastiki, maganda ya jikoni, vyote humo. Mvua ikianza kunyesha, alitoka na gunia, akalimwaga mtaroni.

Alikiita kitendo hicho kupeleka mzigo wa wakubwa. Aliwaambia majirani kuwa ile ndiyo barua yake kwa ofisi, na haihitaji stempu. Majirani walicheka. Baada ya muda hawakucheka tu. Nao wakaanza kutoka na magunia yao.

Fundi alisimama kutazama taka zake zikielea, zikipinda kwa muuza mkaa na kupotea. Hapo moyo wake ulitulia kidogo. Lakini hakuwahi hata siku moja kutembea hadi ng'ambo ya ile kona.

Mvua za mwaka huo zilikuja kwa nguvu. Siku ya tatu, maji ya mtaro yaliacha kushuka. Yalisimama, kisha yakaanza kurudi. Yalipanda ngazi ya karakana. Fundi aliinua makochi juu ya matofali, huku akiitukana ofisi ya mji kutoka mlinzi hadi mkuu. Maji ya bomba nayo yalikatika siku mbili. Yaliporudi yalikuwa na rangi ya kahawia, halafu yakawa meupe. Binti yake alitaka kuyachemsha. Fundi akamwambia asipoteze mkaa, maji meupe yana nini? Wakanywa.

Alhamisi asubuhi, Kasuku hakuongea.

Hivyo ndivyo walivyojua. Mtoto alikuwa anaharisha maji matupu na kutapika. Hadi saa mbili macho yake yalikuwa yameingia ndani, na midomo imekauka. Fundi alikwenda mlangoni akarudi. Akaenda dirishani akarudi. Kisha akachukua nyundo, akasema anakwenda ofisini, leo watamjua.

Binti yake hakuinua hata sauti.

"Baba, ukienda kugombana, mwanangu atabebwa na nani?"

Fundi akaiweka nyundo chini.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Dada Klorini, kwa sababu hakuacha kuwahubiria dawa ya kutibu maji. Walimwita, akaja na mfuko wake. Kwanza alinawa mikono kwa sabuni. Akaifinya kidogo ngozi ya tumbo la mtoto, akaiachia. Ngozi ilirudi polepole sana. Hakuipenda ile polepole.

Aliuliza kama kuna maji yaliyochemshwa. Hayakuwepo. Muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni; Dada Klorini akamtuma aende nyumbani kwake yeye Dada kuleta chupa ya maji safi. Akayapima lita moja kamili, akayeyusha pakiti moja nzima ya dawa ya chumvi na sukari. Akamwonyesha mama namna ya kunywesha, kijiko baada ya kijiko. Mtoto akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole.

"Lakini huyu si wa kukaa naye nyumbani," alisema. "Twende kituo cha afya sasa hivi. Utamnywesha njiani."

Fundi alimbeba mjukuu wake mgongoni. Hakuwahi kumbeba akawa mzito kama siku ile, wala hakuwahi kumbeba akawa kimya.

Kituoni walimwekea dripu. Fundi akaanza kupima korido kwa miguu. Huku hatua kumi na nane, kule hatua kumi na nane. Nesi alimwomba atulie, maana sakafu ya watu itaisha. Hakutulia. Aliona kitanda cha mke wake katika kila kitanda.

Saa tano, Dada Klorini alitoka wodini. Alisema mtoto ameanza kuitikia matibabu, lakini hatari haijaisha. Tena katika mtaa wao nyumba sita zina wagonjwa. Lazima watafute mahali maji yanapochafukia, la sivyo leo watamtibu mtoto na kesho watamletea maji yale yale.

Fundi alisema hakuna cha kutafuta. Anajua yalikotoka. Yalitoka ofisini.

"Basi twende mpaka ofisini," alisema Dada Klorini. "Tuufuate mtaro."

Walimwacha mama na mtoto, wakaufuata. Walipita karakana, wakafika kwa muuza mkaa, ambaye alichukua reki yake akaungana nao. Wakapinda kona.

Kumbe safari ya mtaro ilikuwa fupi. Hatua hamsini tu baada ya kona, mtaro uliingia kwenye kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara kuu. Upande huu wa kalavati palikuwa na ziwa jeusi linalonuka, limezingira vyoo viwili. Nzi walikuwa wengi kama mvua yenyewe. Upande wa pili, upande wa ofisi, mtaro ulikuwa mkavu.

Muuza mkaa alitupa reki ndani ya mdomo wa kalavati, akavuta. Ikatoka mifuko ya plastiki imesokotana kama kamba. Akavuta tena. Ikatoka sponji. Ilikuwa imenyonya maji ikavimba, ikawa kubwa kama mto wa kulalia. Nyuma yake ilikuwepo nyingine, na nyingine, zimekazana kama kizibo kwenye chupa.

Sponji moja ilikuwa bado imeshikamana na kitambaa. Dada Klorini alikigeuza kwa kijiti. Kilikuwa mahameli ya kijani yenye mistari ya dhahabu.

"Hiki kitambaa ni cha nani, mzee?"

Fundi alikijua. Mji mzima haukuwa na kingine. Mwezi uliopita alivalisha upya viti vya wakubwa. Kazi ni kazi, hakuikataa, ila aliwawekea sponji nyembamba makusudi ili wauonje ubao.

"Ni cha viti vya ofisi," alisema.

"Na ofisi ndiyo iliyokitupa?"

Fundi alitazama kona waliyotokea. Muuza mkaa alijifanya anakagua meno ya reki.

Dada Klorini hakumcheka. Alimwonyesha bomba la maji safi lililopita katikati ya lile ziwa. Kiungo chake kilikuwa kimelegea. Alieleza taratibu. Maji ya bomba yakiwa na nguvu, yanavuja kutoka ndani kwenda nje. Yakikatika, bomba linakuwa tupu, nalo linavuta. Likivuta likiwa limelala kwenye maji ya choo, linavuta choo. Wadudu wa maradhi hawaonekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na yakaua.

"Na gari lao je?" fundi aliuliza. "Wao hawana kosa?"

"Wana kosa, tena kubwa. Walitakiwa kuzoa taka na kukaza kiungo hiki, na hawakufanya. Lakini wao wako ng'ambo ya barabara, mzee. Mzigo wako haukuwahi kuwafikia hata siku moja. Wanaounywa ni watu wa upande huu."

Fundi makochi akakaa. Alikaa kwenye ukingo wa zege uliolowa, mtu ambaye kwa miaka minne hakukaa. Alikitazama kile kipande cha mahameli kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akataka kuingia majini na miguu mitupu. Dada Klorini akamzuia mpaka avae viatu vya mpira na mifuko mikononi. Alisema wagonjwa alionao wanamtosha.

Walizibua kalavati mpaka alasiri. Jioni maji ya karakana yalikuwa yameshuka ngazi zote.

Jumapili Kasuku alirudi nyumbani, amekonda shingo. Alimtazama babu yake akienda mlangoni na kurudi.

"Babu, siafu bado wapo?"

Mama yake alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuchemsha maji. Aliyaacha yatokote vizuri, akayafunika kwenye ndoo safi. Nyumba hiyo haikunywa tena maji yasiyochemshwa au kutiwa dawa.

Wiki iliyofuata fundi alipita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyewafundisha vibaya, na alitaja kitambaa chenyewe. Muuza mkaa alimtania kwamba barua zake zote zimerudishwa na posta. Watu wakacheka, naye akakubali kuchekwa.

Kisha wakapanga. Fundi alipendekeza wachome kila kitu. Dada Klorini alikataa, moshi wa sponji na plastiki ni sumu, unaingia kifuani na watoto ndio wa kwanza kuuvuta. Akamwuliza, sponji ambayo ni safi na kavu inashindwa nini kujaza mto? Fundi akageukia rundo la mabaki yake. Miaka yote hiyo alikuwa anatupa mali. Siku hiyo hiyo alianza kukata mabaki vipande vidogo, na binti yake akashona foronya kwa vitambaa vilivyobaki. Maganda ya jikoni yakaenda kwenye shimo la nyuma na kufunikwa udongo, yaoze yawe mbolea. Chupa za plastiki alizichukua mnunuzi wa vyuma chakavu. Baada ya hapo, gunia lililokuwa likijaa kwa wiki halikufika hata nusu. Hicho kidogo waliweka kwenye pipa lenye kifuniko, na kila Jumamosi nyumba moja ilisukuma mkokoteni wa mtaa kwenda kwenye jalala la mji.

Barua nayo waliandika, ya karatasi safari hii, yenye majina ya nyumba zote. Waliipeleka kwa miguu yao. Ofisa aliwakaribisha viti. Fundi alisema yeye anakijua kile kiti, atasimama. Kisha akaweka mezani kipande cha sponji kilichovimba, na kitambaa chake cha kijani, akaeleza habari yote bila kujificha. Alitaja kosa lake kwanza, ndipo akataja lao.

Kiungo cha bomba kilikazwa baada ya kuwafuata mara tatu. Gari la taka lilikuja Jumanne, na Jumanne iliyofuata. Ya tatu halikuja. Jumatano asubuhi watu kumi na wawili walikuwa wamejaa mlangoni kwa ofisa, na mchana gari likaja.

Mwezi mmoja baadaye mvua kubwa ilinyesha tena. Ilianza saa tisa alasiri, ikapiga mabati kama mtu anayedai kufunguliwa. Fundi aliruka. Mkono wake ulikwenda pembeni ya mlango, mahali pa gunia. Hapakuwa na gunia. Akavaa viatu vya mpira, akatoka, akapinda kona.

Alisimama kwenye kibaraza cha mwisho kabla ya kalavati, akatazama. Maji yalikuja mengi, ya udongo. Yaliingia kwenye kalavati kwa kelele, yakatokea upande wa pili. Yakapita mbele ya ofisi ya mji, hayana kitu ndani yake ila maji.

Nyuma yake akasikia maneno yanakuja kabla ya mtu. Ni Kasuku, chini ya mwavuli wa mama yake, akieleza jinsi alivyoloa viatu na jinsi mama alivyokataa na kisha akakubali. Kwapani alibana mto mdogo wa sponji. Foronya yake ilikuwa ya mahameli ya kijani. Aliuweka kwenye benchi la kibarazani.

"Babu, kaa."

Fundi akakaa. Mjukuu akaingia ubavuni mwake, akaendelea kuongea. Mguu mmoja wa fundi ulikuwa bado unachezacheza. Kesho ilikuwa Jumanne.