Makucha Yaliyokataa Kuachia

Ukisema Nairobi hii kwamba unatoka Kitui, lazima mtu acheke na kukuuliza kama umebeba kamuti, ule uchawi wa Wakamba. Nimeulizwa na mabosi, nimeulizwa na wauza mboga, hata pasta mmoja aliwahi kuniuliza. Mimi, Kasyoki, nimelelewa na baba aliyekuwa shemasi. Nyumba yetu ilikuwa ya sala asubuhi na jioni, na uchawi pekee niliokuwa naujua ni wa stima: ukigusa waya mbaya unarushwa. Kazi yangu ni kuunganisha mashine za michezo. Basi.

Kwa hivyo Madam Veronicah, mteja mpya mwenye mashine ya kuunganishwa, aliponipigia simu na kitu cha kwanza akataka kujua kama kweli mimi ni Mkamba, nilikasirika.

"Ndio. Kwani mashine yenyewe inaongea Kikamba?"

Hakucheka. Alisema tu, "Basi njoo wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Ilikuwa Ijumaa, jua likianza kuzama, nilipofika Kileleshwa pamoja na ndugu yangu Musili. Kazi ilikuwa kwenye jengo jipya la maduka, katika chumba cha michezo ya watoto ambacho kingefunguliwa kesho yake. Musili ndiye kitinda mimba wetu. Mama alitutoka yeye akiwa bado mdogo, nikamlea mimi, nikamfunza kazi hii. Sasa alikuwa na mke, Nanjala, na mtoto wa miezi miwili kule Dagoretti. Huyo mtoto alimpa jina langu. Jioni hiyo hakuwa na lingine la kuongea.

"Sista, tufanye haraka. Bosi wangu hulala mapema."

"Bosi gani, na hata shingo haijakaza?"

Mashine ilikuwa ile ya kunyakua midoli, kubwa ajabu, mtu mzima angeweza kusimama ndani. Ilikuwa imeletwa vipande vipande. Tuliinua fremu, tukafunga vioo, tukapachika reli za juu ambazo makucha husafiria. Madam Veronicah, mama nadhifu wa Kitisuru, alisimama mlangoni muda huo wote na mkoba wake kifuani. Nilimkaribisha aje aone. Akatikisa kichwa.

Yakabaki makucha yenyewe. Matatu, ya chuma, yananing'inia kwenye kamba. Musili alipofungua kifuniko cha makucha ili aunge waya, harufu ikatoka…

Harufu ya pembe inayochomwa.

Musili anakaa karibu na vichinjio na si mtu wa kushtushwa na harufu, lakini aliziba pua. Ndani kulikuwa na ukanda wa ngozi, umezungushwa kwenye koili, ule msokoto wa waya unaopokea stima, na kukazwa kwa uzi mweusi.

"Hii nayo ni nini?"

"Takataka. Kata."

Akaukata kwa koleo, akautupa kwenye ndoo. Nilimsikia Madam Veronicah akivuta pumzi. Mpaka leo najiuliza mbona hakusema kitu.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue. Makucha haya hufungwa na stima. Ukibonyeza kitufe, stima inaingia kwenye koili, makucha yanashika. Stima ikikatika yanaachia yenyewe, utake usitake. Hayana nguvu nyingine popote. Ndio maana sisi mafundi hatuogopi kuyapima kwa mkono: mmoja anabonyeza, mwingine anaweka mkono chini yake na kusema kaza au legeza.

Musili akaingiza mkono kupitia mlango wa nyuma. Nikabonyeza. Makucha yakashuka polepole, yakamshika kiganja.

"Iko sawa?"

"Iko sawa. Legeza kidogo."

Stima ikapotea.

Jengo zima likawa giza. Nilicheka, nikasema kumbe hata hawa matajiri wa Kileleshwa hukatiwa. Nikawasha tochi ya simu.

"Haya, toa mkono."

Mkono haukutoka.

"Musili, toa mkono bwana."

"Sista… haijaachia."

Nilimulika. Makucha yalikuwa yamefunga, kamba juu yake imekaza kabisa. Na koili ilikuwa inavuma. Mmmmm… Chini chini, bila kupumzika. Nilikimbia nikang'oa waya ukutani, nikaushika mkononi nikiutazama. Mvumo ukaendelea.

Kisha makucha yakakaza zaidi. Nikasikia mfupa ukilia.

Musili alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, hata utotoni. Nilitia bisibisi katikati ya chuma na nyama, ikapinda. Nikaomba. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kikamba, kwa maneno yale yale ya baba. Makucha yakakaza tena.

"Sema yale maneno," sauti ikaninong'onea sikioni.

Madam Veronicah. Alikuwa ameingia, na sikuwa nimemsikia.

"Maneno gani?"

"Ya kwenu. Aliyeniuzia alisema iko na kinga ya wezi, imetoka huko kwenu. Akasema iunganishwe na Mkamba, atajua kuisalimia."

"Mimi sijui kitu! Mimi ni mtu wa kanisa!"

"Lakini mlikata ile ngozi… Nilidhani mnajua mnachofanya."

Wallahi, na mimi si Mwislamu, ningemzaba kofi la kukumbukwa. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika wa Musili.

"Inaachia namna gani?"

Akasogea. Nilihisi pumzi yake shingoni.

"Alisema ikishika mtu, inapewa jina la mwingine. Unataja tu. Jina la yeyote."

"Basi taja lako!"

Nilisikia viatu vyake vikikimbia nje, halafu mlango ukagonga.

Sauti ya Musili ilikuwa imeanza kufifia. Nilifikiria majina. Jirani? Yule bwana aliyenifukuza kazi? Nani aliyenikosea kiasi hicho? Sikuweza. Nilikuwa na jina moja tu nililoona nina haki ya kulitoa. Nikaweka mdomo karibu na kioo.

"Kasyoki."

Makucha yakafunguka. Taratibu, moja baada ya jingine.

Musili aliniangukia. Nilimkumbatia nikilia na kucheka kwa pamoja. Mkono ulikuwa umevimba lakini ulikuwa mzima. Nilingoja nianguke, nilingoja kifua kinibane. Hakuna. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaona labda ile habari ya majina ilikuwa ni ujinga wa huyo mama.

"Ulitaja nani?" Musili aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Usijali."

Kwenye mwanga wa simu niliona uso wake ukibadilika.

"Sista… hilo jina si lako peke yako."

Simu yake ikalia.

Akaiweka spika. Ilikuwa Nanjala. Hakusalimu. "Musili, mtoto! Amekakamaa, hapumui, ni kama kuna kitu imemkaba… Anabadilika rangi, Musili! Njoo!"

Kwetu jina hupokezanwa. Nyanya yangu alikuwa Kasyoki, nikawa mimi, akawa mtoto. Mtoto akipewa jina lako, basi huyo ni wewe, na watu wa nyumbani humsalimia hivyo hata kabla hajajua kukaa. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Nililijua, na bado nililitoa kama shati la ndugu nililoazima.

"Si yeye!" nikapigia kioo kelele. "Ni mimi! Kasyoki mkubwa! Fundi! Ni mimi!"

Mmmmm…

Kwenye simu, mkoromo mdogo wa mtoto ulikuwa unakatika.

Musili akanitazama. Akaniita mwiitu wa mwaitu, binti wa mama, kama alivyokuwa akiniita kwa Kikamba zamani akiogopa giza.

"Ulinilea vizuri," akasema. "Mwambie Nanjala nilitaka mwenyewe."

Akarudisha mkono ndani.

Nilimshika shati, likararuka mikononi mwangu.

"Musili," akaiambia mashine. Jina lake mwenyewe.

Makucha yakafunga.

Na kwenye simu, mtoto akalia. Kilio kikubwa cha hasira, cha mtoto mzima kabisa. Nilikifurahia kilio hicho, na papo hapo nikajichukia kwa kukifurahia. Kisha stima ikarudi jengo zima. Makucha yakaachia vile mashine yoyote huachia, na mkono wa Musili ukatoka.

Daktari alisema ni mishipa iliyobanwa. Ngumi ya Musili imefunga na haifunguki, lakini haina hata alama. Chumba kile kilifunguliwa Jumamosi kama ilivyopangwa, na watoto wanapanga foleni mbele ya mashine. Nilikwenda kuwaonya. Askari wa getini walinifukuza; Madam Veronicah amewaambia kuna fundi Mkamba aliyeacha kamuti ndani ya mashine yake. Hata Nanjala anaamini hivyo. Nilimpa ujumbe wa Musili, akaniuliza ni nani anayetaka jambo kama hilo. Haniruhusu kumbeba mtoto, na siku hizi anamwita Maureen. Inaniuma sana, lakini ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Ila si hilo linaloninyima usingizi.

Siku za kwanza ngumi ya Musili ilikaa kiunoni. Halafu ikapanda kifuani. Nilimwambia aishushe, akasema anaishusha, inapanda tena.

"Inavuta, sista."

"Inavuta wapi?"

Aliinua macho tu.

Nanjala akaufunga mkono ule kitandani kwa leso. Asubuhi alikuta leso imekatika na mkono umesimama wima, mwenyewe akiwa usingizini.

Jana jioni nilienda Dagoretti. Nanjala alinifungulia bila salamu, akarudi jikoni. Musili alikuwa amesimama katikati ya chumba, ngumi imenyooka kuelekea mabati ya paa, kichwa kimeinama kumtazama mtoto aliyelala. Alinitabasamia. Alisema amechoka kidogo, na kwamba viatu vimekuwa vikimdondoka.

Nikapiga magoti nimrudishie viatu.

Nikapitisha kiganja chini ya nyayo zake, juu ya sakafu.

Kikapita.