Marahaba ya Kiti cha Nyuma

Gari lilikaa juu ya matofali. Halikuwa na betri, halikuwa na rejeta, na chini ya boneti panya walikuwa wamelea wana na wajukuu. Lakini asubuhi ile Mzee Usukani alipofungua mlango wa nyuma, akainamisha kichwa kidogo na kusema kwa mazoea tu, "Shikamoo, mzee," alijibiwa.

"Marahaba."

Sauti ilikuwa nzito, ya uvivu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini naye hataki ijulikane kwamba alikuwa amelala.

Binti yake alikuwa amechutama upande wa pili, anang'oa zulia la gari lililooza. Aliisikia vizuri. Akacheka.

"Spana, acha utoto wako! Baba wa watu akuamkie wewe?"

"Nani kaniamkia?" Spana akauliza. Alikuwa mlangoni pa gereji, ndiyo kwanza anaingia, kikombe cha chai mkononi na mdomo umejaa mkate.

Binti akamtazama Spana, akalitazama gari, akamtazama baba yake. Mzee alikuwa bado ameshika mlango, ameuacha wazi kwa muda uleule ambao mtu mnene huuhitaji ili ajipange kitini. Kisha akaufunga polepole, bila kuubamiza.

Mtaani walimwita binti huyo Sindano, kwa kuwa alikuwa fundi wa viti. Sofa, viti vya mabasi, hata kiti cha kinyozi, vyote vilipita mikononi mwake. Gari hili alilinunua kwa bei ya chuma chakavu. Zamani lilikuwa gari la kifahari, refu, jeusi, lenye mbao za kung'aa kwenye dashibodi na viti vya ngozi laini kama shavu la mtoto. Baba yake aliliendesha nusu ya maisha yake, tangu siku lilipotoka dukani, na hakuwahi hata mara moja kukaa nyuma.

Nyuma alikaa bosi. Kwa umri, bosi yule alikuwa mdogo wa mzee, angeweza kuwa kitinda mimba wa nyumba yao. Hata hivyo kila asubuhi mzee ndiye aliyefungua mlango na kutoa shikamoo, na bosi akaitikia bila kuinua macho. Kioo cha kuangalia nyuma kiliinamishwa ili dereva aone barabara tu, asione uso wa aliyempakia. Dereva haulizi, dereva hageuki. Bosi akitaka kuondoka, aligonga dirisha kwa pete yake: ko, ko. Siku mzee aliposhikwa na homa kazini, alimfikisha bosi kwanza kwenye mkutano wake, kisha akaenda hospitali kwa miguu.

Bosi alipokufa, warithi waliliacha gari uani. Mvua ikalinyeshea, kuku wakatagia ndani, kutu ikala milango. Sindano alipolikuta huko, alilizunguka mara mbili.

"Nitalifufua," alimwambia Spana, fundi wa injini aliyepangisha naye gereji. "Halafu baba atakaa nyuma, mimi nitaendesha, tutazunguka mji mzima. Hata ikiwa mara moja tu."

"Dada Sindano, umenunua kaburi lisilo hata na magurudumu."

"Basi wewe ndiwe mfufuaji. Shika spana."

Wakalifufua kimaskini. Rejeta ilitoka kwenye gari la mizigo lililokufa, Spana akaichomelea masikio ya bati ili ikae. Mbao za dashibodi Sindano alizipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, akazipaka vanishi ya mabaki aliyopewa na seremala. Ngozi aliichuna kwenye sofa zilizotupwa na hoteli. Rangi zilitofautiana kidogo, lakini ukikodoa macho unaweza kusema zinafanana. Sponji ilikuwa ya godoro.

Viti vyote vilikubali, isipokuwa kimoja. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa na shimo la mtu mnene. Sindano alikitoa sponji yote, akaweka mpya, akavuta ngozi mpaka ikalia kama ngoma. Kesho yake shimo lilikuwa limerudi. Akaligusa. Asubuhi ilikuwa ya baridi, mabati yanadondosha umande, lakini kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Na palinuka. Haikuwa harufu ya kuku wala ya kutu. Ilikuwa harufu ya sigara, na marashi mazito, na chini yake kitu kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo.

"Sponji ya godoro hiyo," alisema Spana. "Imezoea kulaliwa." Lakini hakusogea karibu.

Mzee Usukani naye alianza kubadilika. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kila jambo ana methali yake, na zikimwishia anatunga. Sasa methali zikakauka. Alifufua sare yake ya zamani, akapiga viatu rangi, na kila asubuhi alikuwa gereji kabla ya watu wote. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa shikamoo yake, akasubiri, akafunga. Kisha alikaa nyuma ya usukani wa gari lisilo na magurudumu, akatulia, macho mbele. Sindano akiwa anashona aliisikia pete kwenye kioo: ko, ko. Na baba yake akajibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mzee," akazungusha usukani.

"Baba, unamwendesha nani?"

"Shh. Anasikia."

Alikonda. Chakula alikiacha mpaka kikapoa, eti bosi hajala. Sindano alimficha ufunguo. Akakaa bila ufunguo. Alimfungia nyumbani, akatokea dirishani, na umri wake ule. Siku moja Sindano aliinama dirishani mwa gari kumpa maji, mzee akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mpita njia.

"Samahani, dada," akasema. "Hujamwona binti yangu hapa? Ni fundi wa viti. Nilitaka kumuaga."

Bilauri ikamponyoka Sindano. Sauti ya kioo kuvunjika ikamzindua mzee kidogo, akafumba na kufumbua macho, akamshika mkono.

"Mwanangu. Anasema gari likiwaka, tunaondoka. Nimemuuliza tunakwenda wapi. Akasema dereva haulizi."

Jioni ile Spana alikuja na dumu la petroli.

"Tulichome," alinong'ona. "Au twende kwa mganga. Kuna mmoja namjua, hatanii."

"Mganga atataka mbuzi, na gari linataka betri."

"Unafanya mzaha, dada, na baba yako anakwenda hivi hivi!"

"Sifanyi mzaha. Ukilichoma, huyu si atahamia kwenye kigoda cha jikoni? Kiti kilikuwa kitupu, na baba kila siku anafungua mlango na kukisalimu. Kuna kitu kilikuwa kinapita kikaona heshima inamwagika bure, kikakaa, kikajifanya bosi. Kinakula shikamoo, Spana. Kadiri anavyokipa ukubwa, yeye anapungua." Akauzungusha uzi kidoleni mpaka ukakata. "Halafu gari ni langu. Nimejitoboa vidole kwa ajili yake. Sijawahi kumshonea mtu kiti kisha nikaomba ruhusa ya kukikalia."

Wakamaliza kazi. Tairi za viraka zikafungwa, matofali yakatolewa, betri kuukuu ya kuazima ikawekwa. Ilikuwa dhaifu, gari lingewaka kwa kusukumwa tu. Spana akaenda kutafuta watu wa kusukuma. Mchana ukawa mweusi, mvua ikaanza kupiga mabati, na Sindano aliyekuwa anakunja turubai akasikia milango ya gari ikijifunga, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayefunga vifungo vya koti.

Baba yake alikuwa ndani.

Ko, ko.

"Ndiyo, mzee."

Taa za mbele zikawaka, na betri ile haikuwa na nguvu hata ya kupiga honi, na harufu ya sigara na marashi na nguo mbichi ikatoka chini ya milango ikatambaa sakafuni mpaka ikamfika miguuni, na ndani ya vioo vilivyoingia ukungu Sindano akaona mgongo wa baba yake umenyooka kama wa kijana na nyuma yake giza limekaa, limekaa vizuri, limejaza upande wote wa kushoto, mkono wake umeinuka tayari kugonga kwa mara ya mwisho, na akajua kwamba akigonga, gari litaondoka na mvua hii, litapita ukutani kama ukuta haupo, na yeye atabaki hapa na turubai mkononi akiwaeleza watu kwamba alikuwa na baba.

Hakukimbia. Alivuta mlango wa nyuma kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukaza kwenye bodi, mpaka kitasa kikakubali. Akaingia. Akakaa palepale, upande wa kushoto, juu yake.

Chini yake palikuwa na magoti. Yalikuwa ya moto, yakasogea. Pumzi ikamgusa shingo, na mkono wenye pete ukatua begani mwake, mzito kama gunia la mchanga uliolowa.

"Shuka," sauti ikasema sikioni.

"Kiti nimeshona mimi." Meno yake yalikuwa yanagongana, lakini hakusogea. "Baba, geuka."

"Dereva hageuki," mzee akanong'ona.

"Bosi ndiye asemaye hivyo. Mimi ni mwanao. Geuka unitazame, baba."

Mvua ikapiga. Mkono wa mzee ukaondoka kwenye usukani, ukakifikia kile kioo kilichoinamishwa miaka yote ile, ukakiinua. Akatazama. Alimwona binti yake. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma ya shingo ya binti yake, na Sindano akaona macho ya baba yake yakipanuka, yakakaa hivyo, halafu, polepole, yakakunjamana kwa mshangao.

"Mbona mdogo?" akasema.

Mkono begani ukakaza.

"Mimi ni mkubwa kuliko mji huu," sauti ikanguruma. "Nisalimie, uendeshe."

Mzee akageuka. Aligeuka mzima mzima, kiti kikalia, akakiweka kiwiko juu ya mgongo wa kiti kama mtu aliye barazani kwake.

"Huko ulikotoka sikujui. Humu ndani ya gari nakujua. Mimi nimelipokea likiwa jipya, linanukia dukani. Wewe umelikuta na kutu na mayai ya kuku. Sasa nani mkubwa hapa?"

Kioo cha dirisha kikapasuka ufa mrefu. Kiti kikapata moto, Sindano akauma mdomo wake mpaka akaonja damu.

"Mgeni hubisha hodi," mzee akaendelea, na kwa kila neno sauti yake ya zamani ilikuwa inarudi. "Hukubisha. Mtoto huamkia. Hukuniamkia. Nimekuamkia mimi, mtu mzima, nikadhani nakuheshimu, kumbe nakuharibu. Haya. Nasubiri."

Alisubiri. Alikuwa mtu aliyesubiri nje ya milango ya watu maisha yake yote. Kusubiri hakuna aliyemshinda. Pete ikagonga kwa hasira, ikagonga tena kwa wasiwasi, ikanyamaza. Mkono ukawa mwepesi begani. Chini ya Sindano lile shimo likaanza kuinuka, kidogo kidogo kama unga uliotiwa hamira, mpaka kiti kikawa kiti. Na chini, kutoka sakafuni, karibu na visigino vyake, ikatoka sauti nyembamba.

"Shikamoo."

Mzee Usukani hakuharakisha.

"Marahaba," akasema. "Sasa shuka. Gari hili betri yake mbovu, na kila anayelipanda hulisukuma."

Mlango ukafunguka wenyewe. Kitu kikashuka, kikaingia mvuani.

Mzee akashuka, akazunguka, akaingia nyuma. Alijaribu kiti kwa kiganja, akakaa, akanyoosha miguu. "Laini," akasema. Sindano akashika usukani, akaingiza gia, mguu kwenye klachi. Kwenye kioo akamwona Spana amerudi, amelowa, peke yake.

"Nimekosa watu!" Spana akapiga kelele. "Nisubirini, nakuja kusu..."

Gari likaanza kwenda. Spana alikuwa bado mbali, mikono hewani, mdomo wazi. Likashika mwendo, Sindano akaachia klachi, injini ikakohoa, ikatema moshi, ikakubali. Wakauzunguka mji mzima. Kwenye kila kona mzee alikuwa na methali.

Walipelekana hivyo siku nyingi, na betri mpya haikununuliwa. Kila asubuhi, kabla mzee hajalifikia gari, sauti ilimtangulia kutoka nyuma ya gari: "Shikamoo." Naye aliitikia, akaongeza "asante" baada ya kusukumwa, kwa kuwa alijua kazi isiyo na shukrani ilivyo.

Ila kila jioni Sindano alifuta kwenye buti la gari alama za viganja, vidole vyake virefu mno. Na kila asubuhi zilikuwepo tena. Siku moja Spana alikuja na kipimo chake, akaziwekea, akapauka.

"Dada. Vinakua."

Sindano aliweka kiganja chake mwenyewe juu ya alama moja. Jana kilikuwa kinaifunika. Leo vidole vya alama vilichungulia pembeni. Akachukua kitambaa, akafuta.

"Watoto wote hukua," akasema. "Akue tu. Hata akiufikia huo mlango wa gereji kwa kichwa, humu ndani ametukuta sisi." Akageukia nyuma ya gari, akainua sauti. "Na wewe, umesikia? Kesho tunaondoka mapema. Usichelewe."